Mgonjwa mmoja, fidia mbili: tathmini ya kinga ya UVIKO-19 kwa wahudumu wa dharura wa California

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala bei iliyobandikwa mlangoni. Ni kinga ya fidia ambayo Jimbo la California liliwawekea askari wa zimamoto, polisi, wauguzi na wahudumu wa ambulensi waliougua UVIKO-19, kupitia sheria ya SB 1159, ambayo Gavana Gavin Newsom aliitia saini Septemba 17, 2020 na ikaanza kufanya kazi siku hiyo hiyo. Niliitumia mwaka 2021 nikiwa mhudumu wa ambulensi wa kampuni binafsi katika Kaunti ya Los Angeles, na nimesubiri hadi faili langu likafungwa ndipo nikaandika, kwa kuwa huduma ya namna hii haihukumiwi siku ya kwanza, sawa na pilau isivyohukumiwa kwa harufu inayotoka jikoni. Nawaandikia hasa ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioko huku Marekani, wengi wao wakiwa wanashinda na kukesha na wagonjwa na wazee wa watu, na ambao husaini karatasi za kazi bila kupata nafasi ya kuzisoma.

Mfumo wa fidia kwa wafanyakazi wa California umepita miaka mia moja; sheria yake ya msingi ni ya mwaka 1913, na makubaliano yaliyomo ni mepesi kuyaeleza. Mfanyakazi akiumia kazini analipwa bila kutafutwa mwenye kosa, na yeye kwa upande wake, kwa kawaida, hawezi kumpeleka mwajiri mahakamani kudai zaidi. Mpango huo unamfaa sana mtu aliyeumia mgongo akiteremsha machela kwenye ngazi, maana mwenzake alikuwa ameshika upande wa pili na ameona kila kitu. Ugonjwa wa kuambukiza ni habari nyingine. Mdai anatakiwa aonyeshe kwamba ugonjwa umetokana na kazi, na mtu aliyevuta hewa ndani ya ambulensi mchana kutwa, akapita dukani kununua maziwa, kisha akala chakula cha usiku na wanawe, hawezi kuinyooshea kidole pumzi moja akasema ni hii hapa.

SB 1159 ilikata fundo hilo kwa kile ambacho wanasheria hukiita dhana. Kuanzia Julai 6, 2020, mhudumu aliyetajwa katika kifungu cha 3212.87 cha Sheria ya Kazi ya jimbo, akipimwa na kukutwa na virusi ndani ya siku 14 tangu siku aliyokuwa kazini, alichukuliwa kuwa ameugua kwa sababu ya kazi hadi mwajiri alete ushahidi wa kuivunja dhana hiyo. Mwajiri hakuzibwa mdomo. Aliruhusiwa kubisha, ila sasa kazi ya kuthibitisha ilikuwa yake. Zaidi ya hayo alipewa siku 30 tu za kulikataa dai badala ya 90 za kawaida, na siku hizo zikipita bila jibu ugonjwa ulihesabiwa kuwa wa kazini. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote katika huduma hii, bora hata kuliko fedha, kwa sababu mtu mwenye homa ya nyuzi 39 hana nguvu za kuendesha upelelezi juu ya mapafu yake mwenyewe.

Dhana za namna hii hazikuzaliwa na korona. Askari wa zimamoto na polisi wa California walikuwa nazo miaka mingi kabla, kwa ugonjwa wa moyo, nimonia, kifua kikuu, saratani na maradhi yanayoambukizwa kwa damu, na tangu Januari 2020 wakaongezewa msongo wa akili unaotokana na matukio ya kutisha. Sisi wa ambulensi za binafsi hatukuwamo katika orodha hizo. Mwaka 2020 ndipo tuliposimama, kwa mara ya kwanza, katika kifungu kimoja pamoja nao, na si sisi peke yetu: kifungu kiliwataja pia wauguzi, wahudumu wanaotumwa na mashirika ya afya kwenda majumbani kwa wagonjwa, na hata mfanya usafi wa hospitali anayekutana na wagonjwa wa UVIKO-19. Kumtaja mtu wa mopu na ndoo katika sheria ya wahudumu wa mstari wa mbele kuliniridhisha sana. Mtu huyo ndiye anayeingia chumbani baada ya sisi wote kuondoka.

Hata hivyo, soma kwa makini neno "kituo cha afya" katika kifungu hicho, kwa sababu hapo ndipo wengi wa kwetu walipoachwa nje bila kujua. Hospitali imo, kituo cha uuguzi wa muda mrefu kimo, lakini zile nyumba ndogo za kulea wazee, zenye vitanda sita na mpishi ambaye ndiye mwoshaji na ndiye mlinzi wa usiku, hazimo. Mhudumu wa nyumba hizo aliangukia kifungu kingine, cha 3212.88, ambacho kilitaka kuwe na mlipuko mahali pa kazi: ikiwa wafanyakazi hawazidi 100, lazima wanne wakutwe na virusi ndani ya siku 14, wakizidi, iwe asilimia 4. Mwajiri alipewa siku 45 za kuamua, na alikuwa huru kuleta ushahidi wa hatua za tahadhari alizochukua na wa mahali pengine ambapo mfanyakazi angeweza kuambukizwa. Sasa fikiria nyumba yenye wafanyakazi watano, na kifungu hakigusi kabisa mwajiri mwenye pungufu ya hao. Ili dada mmoja asaidiwe, wanne kati ya watano walipaswa waugue pamoja. Aliyeandika kanuni hiyo alikuwa akiwaza ghala na kiwanda, si nyumba ya bibi mwenye kitanda kando ya dirisha.

Nije kwenye yaliyonikuta. Wiki ya kwanza ya Januari 2021 ilikuwa wiki ya hali mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Mamlaka ya huduma za dharura ya kaunti ilituagiza tusiwape oksijeni wagonjwa ambao kiwango chao cha oksijeni kilikuwa asilimia 90 au zaidi, kwa sababu mitungi ilikuwa adimu, na tusiwapeleke hospitali watu wazima ambao moyo wao umesimama na haukurudi baada ya kuhudumiwa palepale walipoangukia. Hospitali zilijaa, kwa hiyo tulipanga foleni nje na wagonjwa wetu ndani ya magari. Sehemu ya nyuma ya ambulensi ni kisanduku cha bati chenye taa kali. Ukikaa humo kwa muda wa saa nne na mzee anayekohoa, feni ikinguruma juu ya kichwa chako, unajua vizuri mnachogawana.

Huku kwetu, mtu akipiga 911 mara nyingi hufika magari mawili: la zimamoto likiwa na wahudumu wake, na la kampuni binafsi ambalo ndilo linalombeba mgonjwa. Siku ile nilikaa nyuma na mhudumu mmoja wa zimamoto, kila mmoja upande wake wa machela. Mimi nilishika kinyago cha oksijeni, yeye alikuwa akitafuta mshipa. Baada ya siku tano sote wawili tulikuwa na homa, na baada ya siku moja zaidi majibu ya PCR yakatuweka katika orodha moja. Kipimo, nisisahau, kilikuwa na masharti: kilitakiwa kiwe PCR au kingine chenye uhakika usiopungua huo, hivyo kile cha damu kinachoonyesha kingamwili hakikufaa. Waliopimwa kwa haraka wakaridhika, wakalala nyumbani wakinywa tangawizi, walijikuta baadaye hawana karatasi ya kuonyesha.

Mwajiri akishajua kwamba mfanyakazi anadai kuugua kazini, anatakiwa kumpa fomu ya dai, iitwayo DWC 1, ndani ya siku moja ya kazi. Wangu, ambaye simtaji, alichukua siku tisa, na hata hizo zisingetosha kama nisingeipakua fomu mwenyewe kutoka tovuti ya jimbo na kuituma kwa barua ya rejista. Msimamizi wa zamu aliponipigia simu alianza kwa pole, kisha akauliza kama nina uhakika sikuipata korona nyumbani. Sikumjibu kwa hasira. Nilimwambia tu kwamba sheria mpya imemwondolea shida ya kuniuliza, na upande wa pili wa simu ukanyamaza kwa muda ambao bado naukumbuka.

Fomu yenyewe ni ukurasa mmoja, Kiingereza na Kihispania vikipishana, na ilitungwa kwa ajili ya watu wanaoanguka. Inataka tarehe na saa ya kuumia. Inataka anwani ya mahali ulipoumia na maelezo yake. Inataka sehemu ya mwili iliyoumia. Nilikaa kitandani na ile nafasi ya anwani kwa dakika nyingi. Niandike barabara ya hospitali tulipoegesha, nyumba ya yule mzee, au kituo ambapo gari hulala? Hatimaye niliandika anwani ya kituo na kuongeza "ndani ya ambulensi", na kwenye sehemu ya mwili nikaandika mapafu, kisha nikafikiri kidogo, nikaongeza mwili mzima. Nyongeza hiyo ilinifaa sana baadaye, moyo wangu ulipoanza kwenda mbio bila sababu na bima ikataka kujua kama nao ulikuwa katika dai. Tarehe ya kuumia, kwa madai haya, ilikuwa siku ya mwisho uliyofanya kazi kabla ya kupimwa, si siku homa ilipoanza. Ukikosea hapo, hesabu ya siku 14 inaweza kukugeuka.

Baada ya fomu kupokelewa, huduma ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Sheria inamtaka mwajiri aruhusu matibabu ya hadi dola 10,000 wakati dai bado linachunguzwa, na hilo lilitekelezwa: nilipigwa picha ya kifua, nikapewa kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, nikaonwa na daktari mara tatu bila kutoa senti. Afisa wa madai wa bima alikuwa mama mwenye sauti ya upole na faili nyingi kuliko uwezo wake. Nikimpigia asubuhi alinipigia jioni, jambo ambalo katika mwezi ule nililihesabu kuwa heshima kubwa. Barua ya kukubali dai ilifika siku ya 26. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi Krismasi.

Kwenye fedha ndipo tofauti ilipojitokeza, na ndiyo sababu ya kichwa cha habari hii. Mimi nililipwa theluthi mbili za mshahara wangu kwa muda ambao daktari alisema siwezi kufanya kazi, na kwa dai la korona hazikukatwa zile siku tatu za mwanzo ambazo kwa kawaida hazilipwi. Yule mwenzangu wa zimamoto, kwa kuwa ameajiriwa na serikali ya mtaa, alilindwa na kifungu cha 4850, kinachompa mshahara wake wote hadi mwaka mmoja. Mgonjwa alikuwa mmoja, kikohozi kimoja, machela moja. Mtu anayejua mishahara ya ambulensi za binafsi za hapa anajua pia kwamba theluthi mbili ya kidogo ni kidogo zaidi, na kodi ya nyumba haikatwi theluthi. Sidai kwamba mwenzangu alipata zaidi ya alichostahili. Alipata kilichostahili, na kifungu kimoja kilituunganisha kwenye dhana, kingine kikatutenganisha kwenye hundi.

Suala la likizo ya ugonjwa lilikuwa na mzunguko wake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi walipoteza haki bila kujua. Bunge la Marekani lilipopitisha likizo ya UVIKO-19 yenye malipo mwezi Machi 2020, hadi saa 80, liliwaruhusu waajiri kuwaacha nje watoa huduma za afya na wahudumu wa dharura, yaani watu waliokuwa karibu zaidi na ugonjwa ndio walioweza kunyimwa muda wa kujiuguza. Hoja ilikuwa kwamba wakipumzika wote nani atabeba wagonjwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini mhudumu mgonjwa anayebeba wagonjwa naye ana uzito wake. California iliziba pengo hilo mwezi Septemba 2020 kwa sheria nyingine, ambayo nayo ikaisha Desemba 31. Kanuni za dharura za usalama kazini zilizoanza Novemba ziliwataka waajiri wawalipe wafanyakazi waliozuiwa kuja kazini, lakini ziliwaacha nje wale tuliokuwa chini ya kanuni ya magonjwa yanayoenea kwa hewa. Kwa hiyo mimi niliugua katika mwezi ambao hapakuwa na likizo maalumu ya aina yoyote kwa mtu kama mimi. Mwezi Machi 2021 ikapitishwa SB 95, ikirudisha hadi saa 80 kwa waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 25, na ikirudi nyuma hadi Januari 1. Ilibidi mfanyakazi mwenyewe aombe, kwa mdomo au kwa maandishi. Kazini kwetu tangazo lilibandikwa nyuma ya mlango wa stoo ya mashuka. Nililiona kwa bahati, nikitafuta blanketi.

Kwa waliofariki, hesabu ya jimbo iko wazi: mtegemezi mmoja kamili dola 250,000, wawili dola 290,000, watatu au zaidi dola 320,000, pamoja na hadi dola 10,000 za mazishi, na mtoto mdogo huendelea kulipwa hadi afikishe miaka 18 hata kiasi hicho kikiisha. Juu ya hayo kuna fao la serikali kuu kwa maafisa wa usalama wa umma wanaofia kazini, ambalo mwaka 2020 lilikuwa zaidi ya dola 365,000, na sheria iliyotiwa saini Agosti 2020 iliweka dhana kwamba afisa aliyekutwa na UVIKO-19 ndani ya siku 45 tangu zamu yake ya mwisho ameupata kazini. Ambulensi ya serikali imo katika fao hilo, na ya shirika lisilo la faida inaweza kuwamo. Ya kampuni ya biashara haimo. Nilipoligundua hilo nilikuwa nimeshapona, na bado nililala vibaya usiku ule, nikihesabu ni zamu ngapi nilikaa nyuma ya gari huku watoto wangu wakiwa na thamani tofauti na watoto wa mtu aliyekuwa upande wa pili wa machela.

Shemeji yangu ni dereva wa ambulensi huko Pwani ya Kenya, na tulipolinganisha tuliyonayo aliniambia kuhusu sheria yao ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha ya kazini, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019, miezi michache tu kabla ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 13, 2020. Kule mwajiri analazimika kukata bima, na mfanyakazi akifa au akipata ulemavu kamili wa kudumu, fidia ni sawa na mapato yake ya miezi 96. Tulibishana kwa muda mrefu juu ya njia ipi ni ya haki zaidi, kwa sababu kule fidia inafuata mshahara na huku kiasi cha jumla hakiangalii kama marehemu alikuwa kamanda au dereva. Shemeji alisema miezi 96 ya mshahara mdogo inaisha kabla mtoto hajamaliza sekondari. Mimi nilisema angalau hesabu yake anaijua kabla hajapanda gari. Hatukuafikiana.

Kinga ya kweli, lakini, ni ile inayokuzuia usiugue, na katika upande huo California ilikuwa imejitayarisha kwa maandishi kuliko kwa vitendo. Tangu mwaka 2009 jimbo lina kanuni ya magonjwa yanayoenea kwa hewa, namba 5199, inayomtaka mwajiri wa ambulensi awe na mpango ulioandikwa, atoe barakoa za N95, na ampime kila mhudumu kila mwaka kama barakoa inamkaa sawasawa. Kipimo hicho kinachekesha kwa mgeni: unavalishwa kofia ya plastiki kama mtu wa kufuga nyuki, wanapuliza dawa chungu ndani, nawe unasoma kwa sauti, unainama, unageuza shingo, ukionja uchungu, barakoa imevuja. Mimi nilipimwa mwaka 2019 kwa barakoa ya aina moja. Mwaka 2020 aina hiyo ilikwisha, tukapewa nyingine iliyoniachia nafasi chini ya kidevu, na hakuna aliyeleta kofia wala dawa chungu. Tuliambiwa barakoa moja ikae zamu nzima, kisha iwekwe kwenye mfuko wa karatasi ulioandikwa jina. Mfuko wangu ulikuwa na doa la kahawa, nikautambua hata gizani.

Kwa hiyo nikitakiwa kutoa nyota, dhana yenyewe na muda wa siku 30 navipa nyota tano bila kusita. Matibabu nayapa nne. Malipo ya kujikimu kwa mtu wa kampuni binafsi yanapata mbili na nusu, na taarifa kwa wafanyakazi inapata moja, hiyo moja ikiwa ni ya maafisa wa taarifa na msaada wa jimbo, ambao hutoa ushauri bure katika ofisi za fidia za wilaya na ambao walinieleza kwa dakika ishirini mambo ambayo kazini hayakuwahi kusemwa. Walinieleza pia, na hili liwafikie wanaolihitaji, kwamba fidia ya California haiulizi karatasi za uhamiaji. Sheria inamtambua mfanyakazi awe ameajiriwa kwa kibali au bila kibali. Wakili naye halipwi mbele: sehemu yake hutoka katika malipo, na hakimu lazima aiidhinishe.

Walioathirika muda mrefu wana malalamiko yao, na nayaona ni ya haki. Malipo ya kutoweza kazi kwa muda yana kikomo cha wiki 104, na kwa mtu ambaye uchovu na ukungu wa akili havikuondoka, wiki hizo zilikwisha kabla madaktari hawajakubaliana juu ya jina la kinachomsumbua. Mimi nilirudi kazini baada ya wiki saba. Dawa ya kuvuta naipata hadi leo kwa gharama ya bima, kwa kuwa dai langu lilifungwa pamoja na haki ya matibabu ya baadaye, sharti ambalo afisa wa msaada alinisihi nisilikubali kuondolewa kwa ahadi ya hundi moja kubwa.

Sheria hii ya SB 1159 iliandikwa ikiwa na tarehe ya kufa. Ilikuwa iishe Januari 1, 2023. Mwaka 2022 ikaongezewa mwaka mmoja kwa AB 1751, na Januari 1, 2024 dhana ikaondoka. Madai ya UVIKO-19 bado yanapokelewa, ila kwa utaratibu wa zamani, mzigo ukiwa mgongoni mwa anayekohoa.

Mwenzangu mmoja wa zamu aliugua Februari mwaka huo. Nilimkuta kituoni siku aliyorudi, ameketi mezani na fomu ya maswali kutoka bima, akijaribu kukumbuka kila mahali alipopita katika siku 14 kabla ya homa. Alikuwa ameandika kanisani mara mbili, duka la vyakula mara tatu, shule ya mtoto kila asubuhi, kinyozi, na arusi ya binamu yake. Wagonjwa aliowabeba katika siku hizo walikuwa arobaini na moja, na nafasi ya kuwaandika ilikuwa mstari mmoja.